Mota Nzito za Mama Pulchérie

Mama Pulchérie wa mji wa Baraka alikuwa anaunda mkono wa roboti wa kufukuza kuku kwenye ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, na katika kuchagua mota za servo za kuuinua hakuwa na mpinzani. Alisema hivyo mwenyewe. Kuijaribu mota kwa mzigo, kuifungua ili kuona kama meno yake ni ya chuma au plastiki, hayo aliwaachia wasio na kipaji. Yeye alipima kwa kiganja.

"Ile nzito ndiyo ya chuma," alimfundisha Etabo, muuza spea, mbele ya soko zima.

Etabo ni mtu wa kusikia. Siku ya soko iliyofuata mota zake zote zilikuwa nzito, na Pulchérie akamsifu kwa kuelimika, akanunua iliyozidi zote.

Mkono uliinuka mara moja, ukakoroma, ukalala. Kuku wakaendelea kula. Alipoifungua mota, alikuta meno ya plastiki yamevunjika, na pembeni kimegandishwa kipande cha risasi ya kuzamishia wavu.

Mume wake Alphonse, mvuvi, alikigeuzageuza.

"Iyi mi ndiye nilimuuzishia Etabo," akasema. "Alisema iko na kiliya moja, mununuzi wake, mama mwenye kujua sana mota."