Aliyegonga Nyuma ya Mwenye Jengo

Saa mbili asubuhi, mvuke umejaa chumba cha kufulia cha hospitali. Mama Pasi, kama wenzake wanavyomwita, ana mashuka mia moja na ishirini ya kunyoosha kabla ya jioni. Taarifa ya habari inapoanza redioni, mkono wake unasimama hewani.

"Siku hizi siisikilizi tu redio," anasema. "Nasikiliza na kilicho nyuma yake."

Miezi saba iliyopita, ghorofa lililokuwa likijengwa jirani liliporomoka. Mumewe, fundi wa kuchomelea aliyejulikana kwa jina la Cheche, alikuwa kazini humo. Hakurudi.

Siku ya tatu, redio ilimhoji mwenye jengo akiwa mbele ya kifusi. Alizungumza dakika nne. "Hakukuwa na mtu ndani," alisema. Hakuna mwingine aliyeulizwa, na uchimbaji ukasitishwa.

Mama Pasi alikuwa sebuleni na wifi yake, wakisikiliza.

"Nyuma ya sauti yake, mtu alikuwa anagonga chuma. Mara tatu, kimya, mara mbili. Mume wangu amenigongea mlango hivyo miaka kumi na sita."

Alimgeukia wifi yake. "Wifi, umesikia?"

"Ni upepo huo, wifi yangu. Hebu kaa."

Lakini wifi mwenyewe alikuwa ameshaongeza sauti ya redio.

Mama Pasi hakukaa. Alijifunga kanga, akaenda kwa miguu hadi kituo cha redio, dawati la malamiko.

"Unalalamikia nini, mama?" karani akamwuliza.

"Mmempa dakika nne anayesema hakuna mtu. Aliyemo ndani hamkumpa hata moja."

Karani alivaa spika za masikioni, akaisikiliza rekodi. Akairudia. Akazivua taratibu, akaenda mbio kumwita mhariri.

Mchana huo kituo kilitangaza kwamba familia zinadai kuna watu chini ya kifusi. Kabla jua halijazama, wachimbaji walikuwa wamerudi. Walitoa miili minne. Wa pili alikuwa Cheche.

Daktari alimwambia wote wanne walikufa papo hapo, siku ileile jengo lilipoanguka.

"Nikamwuliza, basi siku ya tatu aligonga nani? Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena."

Wiki mbili baadaye ilifika barua ya kituo. Ilikiri kwamba habari ile iliegemea upande mmoja, ikaomba radhi. Kuhusu kugonga, ilisema rekodi imechunguzwa na hamna kitu zaidi ya sauti ya mwenye jengo.

Karani hakubaliani na barua hiyo. "Mimi nilisikia kwa masikio yangu," anasema kwa sauti ya chini. "Nimeomba kuhamishwa idara."

Mama Pasi habishani na yeyote. Amewakusanya wajane wenzake watatu, na kituo kimekubali kuwahoji wiki ijayo, moja kwa moja hewani. Ametoa sharti moja, ambalo mhariri hakulitegemea: mwenye jengo naye aalikwe, aketi meza moja nao.

"Wajane wenzangu wamenikasirikia," anasema, akikunja shuka. "Lakini si nililalamikia upande mmoja? Aje. Aulizwe, ajibu, na sisi tukiwa tunamtazama usoni."

Anachukua shuka jingine.