Oili ya Pikapu ya Mama

"Gari la zamani hili, si nitie oili yoyote tu?" fundi ameniuliza leo, na kopo alilofungua limenirudisha Makambako, kwenye duka la vipuri, nimeshikilia kitenge cha mama.

Miaka hiyo bidhaa zilikuwa zimeanza kumiminika. Rafu nilizozizoea zikiwa tupu zilijaa makopo ya oili ya kila rangi. Mama alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea viazi, akiiendesha mwenyewe. Injini ilikuwa inakula oili, kwa hiyo aliomba oili nzito, namba arobaini.

Mwenye duka alichungulia nje, akacheka, akasogeza kidumu cha oili nyeusi iliyokwisha kutumika, iliyomwagwa kutoka kwenye malori.

"Mama, gari lenyewe limeshazeeka. Litie hii."

"Nani kakwambia kuzeeka ni kulishwa uchafu?"

"Basi niitie mwenye gari, tuelewane."

"Unaongea naye."

Mama alilipia kopo jipya, akatoka, akafungua boneti mbele ya wote na kumimina taratibu, kama anamtilia mgeni chai. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa pindo la kitenge chake kipya.

"Utaharibu nguo, mama!" mwenye duka alipiga kelele kutoka mlangoni.

Mama alikichovya tena, akakifuta palepale.

Doa lile halikutoka. Jumapili alikivaa kitenge hichohicho kanisani kwetu Njombe, doa likiwa mbele, akaenda kukaa benchi la kwanza.