Udongo Nilioupaka Ukuta wa Bwawa

Walipotangaza kwamba bwawa la kuogelea la hapa mjini Homa Bay litabomolewa lijengwe jipya, sikuamini hata neno moja. Injinia alisimama mbele yetu wazazi akasema limezeeka, kuna ufa kwenye ukuta unaobeba tangi la maji, na siku ardhi ikitetemeka ukuta utaangukia upande wa watoto. Mimi niliona maduka. Kiwanja cha umma karibu na stendi, mtu ameshajichorea maduka yake hapo.

Na msichana wangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kujifunza kuogelea. Mwaka mmoja kabla, binamu yake alizama ziwani, hatua chache tu kutoka tunapofulia nguo. Siku ya mazishi niliapa wangu atajua kuogelea. Alikuwa amefika kwenye kuelea. Kuelea tu.

"Huo ufa ni wa plasta," nikamwambia injinia.

"Madam, wewe ni fundi?"

"Nakandika nyumba tangu darasa la tatu. Wewe?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kwetu kukandika ni kazi ya wanawake. Nyanya yangu wa Kendu Bay alinifundisha: ufa wa juujuu ukiupaka unatulia, lakini kama ni ukuta wenyewe unaosogea, ufa unarudi palepale. Basi Jumatatu nikaja na ndoo ya udongo niliouchanganya na mavi ya ng'ombe na majivu. Soja wa bwawa, mzee anayeniita Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu, kwa sababu ndiko nilikozaliwa, alinitazama nikipanda kiti chake.

"Nyar Kendu, hapa ni bwawa ama ni jikoni kwako?"

"Niachie, mzee. Na mtu asiguse."

Nikaupaka ufa. Nikapaka na mahali pazima kando yake, nisije nikajidanganya.

Jumamosi nilirudi na simu mkononi, nipige picha nikamwaibishe injinia. Pale kando udongo ulikuwa umekauka vizuri, mzima. Kwenye ufa ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Nilitia ukucha, ukaingia.

"Hakuna aliyegusa?"

"Nani aguse mavi yako?" Kisha akapunguza sauti. "Huo ufa, mama, niliukuta nikiandikwa kazi. Wao hupaka rangi tu."

Nikakaa kwenye kile kiti. Kumbe injinia alisema kweli. Lakini kama walijua, mbona miaka yote hiyo walitukatia tiketi na kuwaweka watoto wetu chini ya ukuta ule?

Bwawa wamelibomoa, wakazungusha mabati. Kila asubuhi tukienda shule tunachungulia kwenye tundu la msumari. Msingi wa maduka huchimbwa mitaro, bwawa huchimbwa shimo moja kubwa. Mpaka leo hakuna mtaro wala shimo, ni majani tu yanaota.

Juzi msichana aliniuliza kama mtu anaweza kusahau kuelea. Nilimvuta mkono, tukaenda shule.