Mlango wa Gari Kuukuu

Kutoka jikoni, mke humfuata mumewe kwa masikio tu: spana ikidondoka bandani, mluzi, kisha injini ya lile gari kuukuu ikikohoa na kunyamaza. Vidole vya mumewe vina grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Akifungua boneti huliuliza gari, kwa sauti ya chini, "Umeamkaje, bibie?" Na mlango wake, aliounyoosha na kuupaka rangi mwenyewe, huufunga kwa mikono miwili, taratibu, kama anamfunika mtoto aliyelala. Ole wako uubamize. Shemeji yake aliubamiza siku moja, na mpaka leo akija hukaribishwa sebuleni tu.

Jioni ile injini ilikohoa, ikakohoa tena, halafu ikanguruma na haikunyamaza. Vikombe vikatetemeka kabatini. Katikati ya ngurumo hiyo mkewe akasikia mlango wa gari ukibamizwa kwa nguvu zote, na miguu ikija mbio.

"Mama watoto, njoo, njoo umsikie, anaongea."

Alimfuata na mwiko mkononi, akaketi kiti cha mbele, akauweka mwiko mapajani. Kisha akaufunga mlango taratibu, kwa mikono miwili.

"Angalau mmoja wetu awe na adabu," akasema. "Haya, twende."