Gumba la Zenon Pyrka

Kaka yangu Zenon alifeli mtihani wa leseni ya ufundi bomba mara mbili, na mara zote mbili mtaa mzima ulijua kabla hajavua koti. Sisi Wapolandi wa Chikago ndivyo tulivyo. Ukipiga chafya kanisani, muuza soseji wa barabara ya pili anakuombea afya.

Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na kumi na tisa kati ya hiyo aliitwa "msaidizi". Msaidizi wa nani, jamani? Bosi mwenye leseni alikaa garini na kahawa yake, Zenon yuko chini ya nyumba ya watu, magoti ndani ya maji. Kazi ikiisha, bosi anatia sahihi na kuchukua chake, kaka yangu anapewa robo. Huna leseni, huna la kusema. Huna leseni, chama cha mafundi hakikupi kadi, na bila kadi hakuna bima ya matibabu wala kiinua mgongo. Siku hizo alikuwa akipanda ngazi zangu kwa kushika ukuta. Niliumia kumwona.

Kisha mabomba ya shule ya parokia yakaoza. Kampuni yenye mafundi wa chama ikaleta bei ya dola elfu arobaini na moja, na Padri Kornel nusura azimie. Jumapili akasema mimbarini, "Hawa watatumaliza. Tumsubiri Zenon wetu apate leseni." Watu wakapiga makofi. Zenon akawa mwekundu kwa furaha, maskini. Mimi nikanuna, na wala sikujua nanunia nini.

Haraka haina baraka, lakini parokia yetu haijui hilo. Wakaanza kumjia mume wangu Witek, ambaye ana leseni na kadi ya chama miaka thelathini. "Muazime shemeji yako namba yako ya leseni, kazi ianze."

"Namba yangu si sufuria," Witek akawajibu. "Bomba likipasuka watoto wakaumia, ataulizwa nani?"

Nilimkasirikia! Siku mbili mfululizo nilimpikia supu ya kabichi bila hata kipande cha nyama. Siku ya tatu akampigia Zenon simu. "Shemeji, namba sikupi. Ila Jumamosi njoo gereji, nione unafelia wapi."

Mtihani wenyewe una kituko. Bodi ya leseni inataka uunge bomba la madini ya risasi kwa namna ya mababu: unamwaga lehemu ya moto, unaifinyanga kwa kitambaa kilichopakwa shahamu, mpaka kiungo kinenepe katikati na kuchongoka pembeni kama limau. Kazi hiyo haifanywi tena. Siku hizi ni shaba na plastiki. Vijana wanaiogopa kuliko kaburi. Zenon hakuiogopa, maana aliijua tangu ana miaka kumi na tano, kule Radom, Polandi. Yeye aliamini anafelishwa na Kiingereza chake kibovu.

Jumamosi hiyo nikawapelekea chai gereji. Witek alikuwa ameshika kiungo alichokimaliza Zenon, anakigeuzageuza kwenye taa.

"Shemeji, kizuri hiki. Lakini hapa kuna shimo."

"Wapi? Aa, hapo. Si shimo hilo. Ni gumba langu."

"Gumba lako lilitafuta nini humo?"

"Lehemu ikikaribia kuganda, unabonyeza gumba juu ya kitambaa. Mzee Madej, fundi wangu wa Radom, ndiye aliyenifundisha. Alisema fundi asiyeacha gumba ni mwizi. Kiungo kikivuja, watu wajue waende nyumba ya nani."

"Na kwenye mtihani uliliweka?"

"Mara zote mbili! Ningeachaje?"

Witek akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikaisha ghafla. "Mungu wangu, Zenon. Kumbe ulikuwa unatia sahihi. Wale wanaona kibonyeo, wanaandika kiungo kina kasoro."

Walifanya mazoezi Jumamosi sita, na somo lilikuwa moja tu, kutobonyeza. Gumba likawa linakwenda lenyewe. Witek akamfunga gumba kwa utepe. "Hata mwanangu sikumfunga hivi aache kunyonya kidole," akamtania. Zenon hakucheka.

Mwezi wa tatu akafaulu. Akaja kwangu, akaweka barua mezani, akakaa bila kuvua kofia.

"Kiungo laini kama yai, Renia," akasema. "Lakini hakina mwenyewe."

Akalia, na mimi nikalia naye. Mwezi wa tano chama kikampa kadi.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tulikuwa ukumbini tunakula mandazi ya jamu. Padri Kornel akamshika bega. "Haya mwanangu, tunaanza lini?" Zenon akamkabidhi karatasi. Padri akaisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna jingine.

"Elfu thelathini na tisa? Hii si ileile ya wale?"

"Pungufu kidogo. Najua bomba kuu linapita wapi, sitavunja sakafu yote."

"Lakini sisi tulidhani ukipata leseni utatufanyia rahisi. Mbona imepanda?"

"Haijapanda, Padri. Bei ya kazi ilikuwa hiyo siku zote. Ile tofauti nilikuwa nailipa mimi." Akayapiga magoti yake kwa kiganja. "Kwa haya."

Kisha Ludwika wa kwaya, kwa sauti yake ya asali, akasema, "Kutoa ni moyo, Zenon, si utajiri."

Nikasimama. "Wee Ludwika! Alipokutengenezea bafu zima, wewe ulitoa nini? Mtungi wa matango ya siki!"

"Kaa, Renia," Zenon akaniambia taratibu. "Mama Ludwika anasema kweli, kutoa ni moyo. Basi niacheni nitoe mwenyewe. Jumamosi zangu zote za kiangazi nazitoa bure. Witek na wenzake watatu wa chama wamekubali nao. Lakini andikeni kwanza bei kamili, halafu chini yake muandike kwamba tumetoa. Msiseme tu kwamba Zenon ni rahisi."

Uso ulimshuka Padri Kornel kwa aibu. Akatoa kalamu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, akaibandika karatasi mlangoni pa kanisa kila mtu asome. Nilimsamehe palepale yale ya mimbarini.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa tisa, nilishuka kwenye ghala la chini kuona kazi. Shaba inang'aa, imenyooka ukutani. Pale walipovunja sakafu palizibwa kwa saruji mpya, na pembeni ya kiraka kuna alama ya gumba, pana, yenye kovu la kuungua.

Nikapiga magoti, nikatia gumba langu humo. Likapwaya.

Mabomba yale yakivuja, mnajua muende nyumba ya nani.