Siku Mwalimu Malineo Alipochunga Ng'ombe

Huko Ha Ramatla, milimani Lesotho, hesabu za darasa la sita zilifundishwa na 'M'e Malineo, yaani Mama Malineo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mji. Ajira yake ilikuwa ya mkataba, na wa kupendekeza uongezwe kila mwaka ni mkuu wa shule, Ntate Ramochela, yaani Bwana Ramochela.

Kesho yake ikiwa ni upimaji wa hesabu wa taifa, mkuu alimvuta pembeni.

"Wale wanafunzi wako watano wanaochunga ng'ombe wabaki malishoni kesho. Wageni watapima waliopo."

"Kwani Ntate, wanakuja kupima watoto au kupima ujanja wetu?"

"Usiniletee maneno, 'M'e. Upimaji uliopita tulikuwa wa pili wilayani."

Wa pili, naam, na wachungaji wakiwa mlimani. Malineo alilijua hilo na lilimkera siku zote.

Jioni akaenda kwa Ntate Pokane, mwenye ng'ombe wengi, kumwombea ruhusa mwanawe Moeketsi na wenzake wanne.

"Nikiwaachia, ng'ombe atachunga nani? Wewe?" Pokane alicheka, maana huko mwanamke hata zizini haingii.

"Mimi. Mwalimu wa darasa haruhusiwi chumba cha mtihani, kwa hiyo nafasi ninayo."

Asubuhi kijiji kizima kilimwona, blanketi begani na fimbo mkononi, akiswaga ng'ombe wa wanaume.

"'M'e, jioni utatuletea maziwa au matokeo?" walimtania.

Kule darasani hapakuwa na kiti kitupu.

Matokeo yalipotoka, shule ilikuwa ya pili tena, safari hii kutoka mkiani. Kwenye kikao cha wazazi mkuu alitangaza kwamba mkataba wa Malineo hataupendekeza. Malineo hakujuta hata chembe, ila aliogopa.

Ntate Pokane akasimama na karatasi ya mtihani ya mwanawe.

"Miaka yote unaniambia Moeketsi anaendelea vizuri. Leo naona kugawanya hajui. Nani kanidanganya, huyu mama au wewe, mkuu?"

Mkuu aliwatazama wazazi wengine, hakuna aliyemtetea.

"Basi iandike barua ya kumpendekeza mwalimu hapa hapa, tukikuona. Na ng'ombe wangu, kuanzia Jumatatu nawachunga mwenyewe."

Barua iliandikwa. Jumatatu Malineo alisimama mlangoni, kifua mbele, akawapokea wachungaji wote watano, kisha akaanza na kugawanya.