Miche Iliyopigwa Mnada

Kanisa letu pale Murera lilikata miti yake yote ili kuchemsha chai. Natia chumvi kidogo: mingine ilichemsha maharagwe ya harambee. Uwanja ukabaki mtupu, na upepo ukivuma wakati wa mahubiri, vumbi liliingia likakalia viti vya mbele, ambavyo waumini hawakuwa wakivipenda.

Mimi, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka jikoni hadi kwa bomba, nilisimama mkutanoni nikasema tupande mingine. Mchungaji akajibu, "Wazo zuri sana. Basi wewe ndiwe kamati." Makofi yakapigwa. Hivyo nikawa mwenyekiti, katibu na mbeba maji.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba ilikuwa imekuwa kubwa ghafla. Basi nikaokota zile pakiti za maziwa za pembe tatu zilizobaki baada ya chai ya Jumapili, nikazijaza udongo na samadi, nikaotesha miringa, mti wa kwetu wenye maua meupe. Thelathini ikashika. Kila asubuhi niliiuliza imelalaje. Haikujibu, lakini pia haikuniuliza nitaoa lini.

Niseme ukweli: sikuitaka miti sana. Nilichotaka ni Jumamosi ya kuipanda. Nilikuwa nimeshaiona akilini: waumini na majembe yao, akina mama wakinicheka ninavyoshika jembe, na mimi katikati yao siku nzima bila kutafuta kisingizio cha kuwa hapo.

Mchungaji akashauri miche iletwe kwanza Jumapili ya mavuno, ibarikiwe. Nikaipeleka kwa mkokoteni, nikaipanga mbele ya madhabahu kati ya kabeji na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Ikaombewa vizuri sana. Hapo ndipo nilipokosea, na mtu yeyote aliyelelewa katika makanisa yetu angenionya: kinacholetwa mbele siku ya mavuno hupigwa mnada baada ya ibada.

Mzee wa kanisa, yule mwenye sauti ya mnada, akainua mche wa kwanza. "Muringa huu, jamani! Umelelewa na kijana hana bibi, kwa hivyo mapenzi yote yamekwenda kwa mti!"

Kanisa likaangua kicheko. Mikono ikainuka. Mwalimu wa kwaya, aliyeketi kando yangu, akanipiga kiwiko. "Wewe, si ulisema ni ya kupanda hapa? Ongea!"

"Wacha tu," nikasema. "Si wamefurahi?"

Neno moja tu lingetosha. Badala yake nikainua mkono, nikanunua mmoja.

"Ngai, Mungu wangu! Ananunua mtoto wake mwenyewe!" mzee akapaza sauti, na sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa mara moja. Ile mingine ishirini na tisa ikaenda majumbani kwa watu.

Jumamosi nilienda hata hivyo, na birika kubwa la chai, labda kuna mtu hakupata habari. Wote walikuwa wamepata. Nikapanda muringa wangu karibu na mlango, kisha nikaanza kufukia mashimo niliyokuwa nimechimba wiki nzima kabla ya mavuno kwa ajili ya ile mingine, watu wasije wakavunjika miguu kesho yake.

Nyanya mmoja anayeishi nyuma ya kanisa, cucu wa kila mtu, akapita, akasimama.

"Unazika nini, mwanangu?"

"Mashimo, cucu."

"Na ni nani aliyachimba?"

"Ni mimi."

"Wee! Hata fuko akichimba hafukii!" Akacheka mpaka akashika kiuno. Akakubali kikombe kimoja, akakinywa wima. Akanieleza kwamba naye alinunua mche, ameupanda kando ya zizi la mbuzi, na umeshika vizuri. Nije niuone kesho baada ya ibada, atapika mukimo, ule mseto wetu wa viazi na mahindi.

Nikamwambia nitakuja. Akaenda zake, nikabaki na mashimo kumi na moja na chai ya watu ishirini.

Kesho yake ibada ilipoisha, mukimo wa cucu ukiningoja, nilishika njia ya nyumbani kwangu moja kwa moja.